Njaa ya Tumbo na Njaa ya Moyo

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W), aliyetuumba akaturuzuku vyakula vizuri vya baharini na vya nchi kavu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na Masahaba wake wote. Ama baad.



Katika jarida letu huwa tunatenga kurasa chache kwa somo la nyumbani, yaani somo ambalo mwanafunzi atalisoma pamoja na wazazi wake. Mwaka huu tumechagua jambo ambalo watu hulizungumza kwa mzaha, lakini mwenye nalo haliwi mzaha kwake. Ni hali ya mtu anayetaka kupunguza mwili, anayejua vizuri ale nini na aache nini, na bado mkono wake unakwenda kwenye kapu la maandazi wakati tumbo limeshashiba. Je, mtu huyu ni mroho tu? Au iko njaa nyingine ambayo hatujaijua?

KISA KILICHOTUFANYA TUANDIKE

Mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wetu, alitungoja baada ya darsa la akina mama la siku ya Alhamisi. Alisubiri mpaka wenzake wote wakatoka, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Maalim, mie naona imani yangu imepungua."

Tukamuuliza kulikoni. Akatueleza kwamba alipimwa hospitali akakutwa na kilo 92. Presha ilikuwa juu na sukari imeanza kupanda. Daktari akamwambia apunguze uzito. Aliogopa sana, kwa sababu mama yake mzazi alifariki kwa maradhi ya sukari. Akaacha wali, akaacha nazi, asubuhi akawa anakunywa maji ya moto na ndimu tu, mchana kipande cha samaki na matango. Mchana kutwa alivumilia. Lakini usiku, watoto wakishalala, aliingia jikoni bila kuwasha taa akala chochote anachokikuta: ugali uliopoa, vitumbua vya jana, hata sukari kwa kijiko. "Nakula huku nalia," akasema. "Nimeanza mara tatu, na mara zote tatu nimerudi na kilo zaidi ya zile nilizokuwa nazo."

Sisi tulimjibu kwa haraka. Tulimwambia afanye subira na akumbuke kwamba israfu imekatazwa. Maneno yale yalikuwa ya kweli, lakini hayakuwa jibu la swali lake. Mama yule aliondoka kimya, na Alhamisi tatu mfululizo hakuonekana darsani. Hapo ndipo tulipotambua kwamba tumemhukumu kabla ya kumsikiliza.

Tulikwenda kumjulia hali nyumbani kwake. Safari hii tulianza kwa kuuliza, "Dada, kabla hujaingia jikoni usiku, unakuwa katika hali gani?" Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba mumewe ni mvuvi na huenda dago, akakaa huko wiki nyingi. Mwaka wa juzi shemeji yake alizama wakati wa kusi. Tangu hapo, mumewe akiwa hayupo na upepo ukavuma juu ya makuti, usingizi humpaa. Hana wa kumwambia, maana watoto bado wadogo. Basi huinuka akala, na moyo hutulia kidogo. Baada ya muda aibu huingia, naye hula tena.

Wasomaji wetu, mama huyu hakuwa na njaa. Alikuwa na hofu. Kumwambia aache kula bila kumsaidia katika hofu yake ni sawa na kumwambia mtu aliyelowa asitetemeke, na mvua bado inamnyeshea.

NJAA NI MBILI

Tuseme basi kwamba njaa ni mbili: njaa ya tumbo na njaa ya moyo. Zote mbili hutupeleka jikoni, lakini haziko sawa. Tofauti zake ni hizi:

1. Njaa ya tumbo huja polepole, saa kadhaa baada ya kula. Njaa ya moyo huja kwa ghafla, hata dakika chache baada ya mlo.

2. Njaa ya tumbo hukubali chochote kilichopo, muhogo wa kuchemsha au wali kwa maharage. Njaa ya moyo huchagua. Hutaka kitu kitamu, chenye mafuta au chenye chumvi: halua, kashata, chipsi, soda.

3. Njaa ya tumbo hukoma mtu akishiba. Njaa ya moyo haina kikomo, kwa sababu kilichopungua hakikuwamo tumboni.

4. Mwenye njaa ya tumbo akimaliza husema Alhamdulillah, akaendelea na shughuli zake. Mwenye njaa ya moyo mara nyingi humaliza na majuto.

5. Njaa ya tumbo hulika mbele ya watu. Njaa ya moyo hupenda kujificha.

Si lazima alama zote tano zionekane pamoja. Lakini mtu akijichunguza mara chache, atajifunza kuzitenganisha njaa zake mbili.

MWILI UNAVYOFANYA KAZI

Jambo hili lina sababu zake ndani ya mwili. Mtu anapokuwa na msongo wa mawazo kwa muda mrefu, mwili hutoa kwa wingi homoni iitwayo kotisoli. Homoni hii huongeza hamu ya kula, hasa vitu vya sukari na mafuta. Mtu asiyelala vya kutosha naye hupata njaa zaidi, kwani homoni ya njaa hupanda na ile ya shibe hushuka. Vilevile mtu anayejinyima kupita kiasi mchana, mwili wake hudai haki yake usiku. Kwa hiyo mama yetu alikuwa na mambo matatu kwa wakati mmoja: hofu, kukesha na kujinyima. Angewezaje kushinda kwa ndimu na matango?

Wala mama huyu hayuko peke yake. Utafiti wa taifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2010 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 22 walikuwa na uzito uliozidi au unene. Utafiti kama huo wa mwaka 2015/16 ulikuta wamefika 28. Uzito ukizidi sana huleta hatari ya sukari, presha, maradhi ya moyo na maumivu ya magoti.

Watu wazima hupimwa hivi: chukua uzito wa mtu kwa kilo, ugawe kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 92 na urefu wa mita 1.60 hupata karibu 36. Kuanzia 18.5 hadi chini ya 25 ni uzito wa kawaida, kuanzia 25 umezidi, na kuanzia 30 ni unene. Hesabu hii si ya watoto wala mama wajawazito. Hao wana vipimo vyao kliniki.

DINI YETU INATUFUNDISHA NINI?

Wengi wetu tunaijua aya ya 31 ya Suratul A'raf, inayotuamrisha kula na kunywa na ikatukataza israfu. Tunaijua pia hadithi ya Miqdam bin Ma'dikarib (r.a) aliyoipokea Tirmidhi, kwamba mtu akiwa hana budi basi aligawe tumbo lake mafungu matatu: fungu la chakula, fungu la maji na fungu la pumzi. Haya ni mafunzo ya njaa ya tumbo, na tunayasikia kila mara.

Lakini Uislamu haukuisahau njaa ya moyo. Bibi Aisha (r.a), kama walivyopokea Bukhari na Muslim, alikuwa akifiwa na jamaa yake, wanawake waliokuja wakishatawanyika na kubaki wa nyumbani na wa karibu, huamrisha kipikwe chungu cha talbina, yaani uji laini wa unga wa shayiri. Alisema amemsikia Mtume (S.A.W) akieleza kwamba uji huo humtuliza moyo mgonjwa na huondoa sehemu ya huzuni.

Tuizingatie hadithi hii. Kwanza, inatuonesha kwamba chakula kumliwaza mtu si dhambi. Mwenye kula uji wa moto akiwa na majonzi asijione amekufuru neema. Pili, uji ule ulipikwa kwa kipimo na ukaliwa pamoja na watu wa karibu, bila kificho. Tatu, umesemwa kwamba huondoa sehemu ya huzuni, haukusemwa kwamba huiondoa yote. Hapo ndipo tunapokosea sisi: tunakitaka chakula kifanye kazi nzima, na kila kikishindwa tunakiongeza.

Sehemu iliyobaki ya huzuni ina mahali pake. Nabii Yaakub (a.s) alipompoteza mwanawe, tunasoma katika Suratu Yusuf aya ya 86 kwamba alipeleka huzuni yake kwa Allah. Na Hudhaifa (r.a) amesimulia, kama alivyopokea Abu Daud, kwamba Mtume (S.A.W) lilipomfika jambo zito alikuwa akiswali. Salman (r.a) naye alimkumbusha nduguye Abu Dardaa (r.a) kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na watu wa nyumbani kwake wana haki juu yake. Mtume (S.A.W) akayasadikisha maneno hayo. Kujinyima mpaka ukaanguka na kujishindilia mpaka ukaugua, yote mawili ni kuidhulumu nafsi. Wahenga nao walisema: shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza.

VICHOCHEO VYA KWETU

Kichocheo ni lile jambo linalotangulia kabla ya mkono kwenda kwenye sahani. Kila mtu ana vyake. Katika mazungumzo yetu na wazazi na wanafunzi tumeona vinavyojirudia ni hivi:

Hofu na huzuni. Msiba, ugonjwa, mtu aliye safarini, deni la ada ya shule.

Hasira. Mtu amegombana na jirani au mke mwenzie, hawezi kusema, basi anatafuna. Mtume (S.A.W) amemfundisha aliyekasirika akiwa amesimama akae, na hasira isipoondoka alale. Maana yake ni kubadili hali. Kwenda jikoni si kubadili hali.

Kukaa bure na upweke. Hapa Pangani mchana wa joto ni mrefu, na mwenye biashara ya genge bila wateja hujikuta anakula bidhaa yake mwenyewe.

Uchovu. Sisi walimu hatujasalimika. Wakati wa kusahihisha mitihani tumewahi kumaliza mfuko mzima wa visheti bila kujua ulikwisha saa ngapi.

Furaha na shughuli. Harusi, hitma na Maulidi. Kukataa pilau ya watu huonekana dharau. Basi chukua kidogo, ule upande wako wa sinia kama alivyofundishwa kijana Umar bin Abi Salama (r.a), umsifu mpishi na umwombee dua. Anayekuhimiza zaidi mjibu, "Alhamdulillah nimeshiba, Mungu akuzidishie." Hakuna dharau hapo.

Kutaniwa. Hiki kinatuuma zaidi. Tulikuwa na mwanafunzi ambaye wenzake walimwita "Bonge". Alicheka nao, kisha tukamkuta nyuma ya banda la madrasa akila peke yake huku machozi yanamtoka. Suratul Hujurat aya ya 11 inakataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Anayemwita mwenzie hivyo anatenda dhambi, na pia anauongeza ule ule unene anaoucheka.

TUFANYE NINI?

Hatua ya kwanza ni daftari. Tumezoea muhasaba, yaani mtu kuihesabu nafsi yake kabla ya kulala. Kwa wiki mbili andika mambo manne kila unapokula nje ya mlo: saa ngapi, umekula nini, njaa ilikuwa ya tumbo au ya moyo, na jambo gani lilitangulia. Usijitukane katika daftari hilo. Andika tu kama mwenye duka anavyoandika mauzo. Mama yetu aliandika, na akaona kwamba mara nyingi ilikuwa kati ya saa tano na saa saba za usiku, na karibu mara zote mumewe hayupo.

Hatua ya pili ni kula milo yako sawasawa. Usiruke mlo wa asubuhi wala wa mchana ili "kubana". Samaki, maharage, kunde, mchicha, matembele, matunda, na kiasi cha wali, ugali au muhogo vinatosha. Tui la nazi si haramu. Likiwa jepesi na si kila siku, linaruhusu. Cha kupunguza kwanza ni sukari ya kunywa. Chupa moja ya soda ya mililita 350 huwa na kama gramu 37 za sukari, yaani vijiko tisa hivi vya chai. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nguvu tunazopata katika chakula, sawa na kama gramu 50 kwa mtu mzima kwa siku, na ikishuka nusu ya hapo ni bora zaidi.

Hatua ya tatu ni kungoja. Njaa ya moyo inapokushika, usiseme "sili". Sema "nitangoja robo saa." Katika robo saa hiyo kunywa maji, tia udhu, swali rakaa mbili, au toka barazani. Mara nyingi hamu hupanda kama maji ya bahari, ikajaa, kisha ikapwa yenyewe. Robo saa ikipita na bado unataka, kula kidogo, umekaa, taa imewashwa, kwa Bismillah. Usile umesimama wala gizani.

Hatua ya nne ni kuipa njaa ya moyo chakula chake. Mwenye hofu anahitaji mtu wa kuzungumza naye. Mpweke anahitaji jirani. Mchovu anahitaji kulala. Mwenye hasira anahitaji suluhu. Mwenye huzuni ana ile dua aliyoipokea Anas (r.a), ambayo Mtume (S.A.W) alikuwa akijikinga kwayo kwa Allah na hamu na huzuni. Wanafunzi wa darasa la tatu wanaijua. Wawafundishe wazazi wao.

Hatua ya tano ni kutovunjika moyo. Ukikosea usiku mmoja, usiseme "nimeshaharibu, acha niharibu kabisa." Kukosea katika swala hatuivunji dini yetu; tunasujudu sijida ya kusahau tukaendelea. Kupungua nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri, na zipo wiki ambazo mzani hautasogea.

Pia, mwenye sukari, mwenye presha, mjamzito na anayenyonyesha wasianze mpango wa kupunguza mwili wala funga za sunna bila kumwuliza daktari. Na ambaye amefika kujitapisha baada ya kula, au kula kwake kwa siri kumemshinda kabisa, au huzuni haimtoki wiki kwa wiki, aende hospitali. Kutafuta dawa ni sunna, na maradhi ya moyo na akili yamo katika maradhi.

RAMADHANI

Wengi hutumaini kupungua katika Ramadhani, na wengi hutoka wameongezeka. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, aliligusa jambo hili katika Ihya: faida ya funga hupatikana vipi ikiwa mtu atakifidia usiku kila alichokikosa mchana? Meza zetu za futari tunazijua: uji, tambi, kaimati, sambusa, mihogo ya nazi, na bado daku. Tuanze kwa tende na maji, tuswali Magharibi, kisha tukae tule. Mwendo ule wa kwenda kuswali huupa ubongo nafasi ya kusikia shibe.

NENO KWA WAZAZI NA WALIMU

Mtoto akilia, tunampa biskuti. Akianguka, pipi. Akihifadhi sura, sisi walimu tulikuwa tunampa peremende. Hivyo tunamfundisha tangu udogoni kwamba maumivu na furaha vyote dawa yake ni kitu kitamu. Tumelijadili jambo hili walimu wenyewe, na sasa anayehifadhi sura hupewa kalamu au daftari, na wenzake humwombea dua kwa sauti. Wamelalamika wiki mbili, kisha wamezoea.

Mtoto asiwekwe kwenye mpango wa kupunguza mwili kwa uamuzi wa nyumbani. Apewe chakula kizuri, acheze, alale mapema, na asisemwe mwili wake mbele ya wageni. Akiwa na tatizo, kliniki ipo.

TAMATI

Mama yetu amerudi darsani. Jirani yake, ambaye mumewe naye ni mvuvi, sasa huja kulala kwake na wanawe wakati waume zao wako dago. Husoma Suratul Mulk pamoja, hunywa chai isiyo na sukari nyingi, kisha hulala. Katika miezi mitano amepungua kilo 6. Mwezi wa Ramadhani aliongeza kilo moja, akacheka alipotueleza. Anasema upepo ukivuma sana bado huamka, na zipo siku huenda jikoni. Lakini huwasha taa.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Taja tofauti tatu kati ya njaa ya tumbo na njaa ya moyo.
2. Hadithi ya talbina inatufundisha nini kuhusu chakula na huzuni?
3. Pamoja na mzazi wako, andikeni vichocheo viwili vya nyumbani kwenu, na kila kimoja mkitafutie chakula chake kisichokuwa cha tumbo.
4. Kwa nini kumwita mwenzio "Bonge" ni kosa mara mbili?

Tunamwomba Allah (S.W) atupe afya ya miili na utulivu wa nyoyo, awarejeshe salama wote walioko baharini, na awarehemu waliotangulia. Amin.

Wabillahi Tawfiq.